Nani Alikuambia Habari ya Chumvi

Dodoma,
12 Februari 2024

Shangazi yangu Mwanajuma,

Shikamoo. Nimeona nikuandikie, maana Ijumaa nilipopiga simu nilikuwa nauliza habari za mvua nawe unanijibu bei ya nyuzi. Usione vibaya. Masikio yakichoka, kalamu ipo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Tabora, ataiacha dukani kwa Majidi kama zile za zamani nilipokuwa shule ya bweni.

Mimi ni mzima. Dodoma ni upepo mtupu, vumbi linalala nami kitandani. Chumba ni kile kile, ila wenzangu wawili wamemaliza masomo wameondoka, na sasa napika chakula cha mtu mmoja. Bado sijakijua kipimo chake. Kila siku kinabaki.

Wewe hujambo? Miguu? Kofia zinauzika? Nisalimie Mama Marcelina hapo jirani, na kaburi la Baba ukipita.

Humu ndani nimekuwekea kurasa nne za tasnifu yangu. Ni habari za Bi Faida, bibi yake Bibi Asmahani, yule aliyeletwa kutoka Manyema akiwa msichana. Nimeandika alivyovuka ziwa, akapita Ujiji na Uvinza, mpaka akafika Kwihara na kuachwa pale kwa sababu ya kidonda cha mguu. Nadhani utafurahi kuona ukoo wetu umeingia kitabuni.

Kuna jambo dogo tu. Chuo kinataka msimulizi aandike mistari michache na kutia sahihi. Ni utaratibu. Andika hivi: "Mimi Mwanajuma binti Uwesu nilimsimulia Nurdini Nassibu habari hizi zote." Tarehe uweke ya Juni mwaka jana, nilipokuja likizo. Ukimpa Majidi atanitumia.

Mwanao,
Nurdini

*

Tabora,
9 Machi 2024

Mwanangu Nurdini,

Marahaba, baba. Barua yako ilikaa dukani kwa Majidi chini ya gunia la mchele, akaikumbuka alipofagia. Nimeipata ikinukia mchele, nikafurahi.

Huku tuko salama. Mvua imenyesha vizuri na paa la chumba cha uani limeanza tena kuvuja upande ule ule. Marcelina amempeleka binti yake Mwanza akajifungue huko, kwa hiyo ua wao uko kimya. Na mimi kimya changu nimezoea, lakini hata kiziwi anajua jirani akiondoka. Kofia zinauzika kidogo kidogo, Ramadhani ikianza zitauzika zaidi. Kaburi la baba yako nilipita, nikang'oa majani.

Kurasa zako nimezisoma mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Unaandika vizuri. Maneno yamenyooka kama ya mtu mzima.

Ukurasa wa tatu umesema hivi: "Tangu siku ile ya Uvinza, mdogo wake alipobadilishwa kwa mizigo ya chumvi, Faida hakutia tena chumvi kinywani mpaka alipokufa."

Nani alikuambia habari ya chumvi?

Sahihi sijatia. Kula vizuri, na kinachobaki usikitupe, weka maji kidogo upashe asubuhi.

Shangazi yako,
Mwanajuma

*

Dodoma,
30 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na saumu njema. Nafuturu peke yangu, tende na uji, lakini nafuturu. Juzi walikuja wanafunzi wa mwaka wa kwanza kunialika nikawaambia nina kazi nyingi. Sijui kwa nini niliwaambia hivyo.

Habari ya chumvi nilisimuliwa na Baba. Au nilimsikia akiwasimulia watu, sikumbuki vizuri, nilikuwa mdogo. Mambo ya ukoo mtu anakua nayo tu, hayana mlango yalikoingilia.

Nakuomba, Shangazi, ule mstari mmoja na sahihi. Wanauhitaji kabla ya katikati ya Aprili. Sikusudii kukusumbua.

Wako,
Nurdini

*

Tabora,
21 Aprili 2024

Nurdini mwanangu,

Marahaba. Idi imepita salama. Nilipika pilau kidogo nikawapelekea watoto wa Majidi, nami nikala kilichobaki. Paa nimelizibia nailoni.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kukuumiza, na sijaipata, kwa hiyo nasema hivi hivi.

Baba yako hakuijua habari ya chumvi. Yeye alijua Bi Faida alikuwa na maradhi ya tumbo, ndiyo maana akipikiwa chakula chake mbali. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sote. Wala baba yako hakupenda kusimulia mambo hayo. Yeye alipenda kuwaambia watu kwamba wazee wetu walikuja na misafara wakiwa wenye mali. Tulikuja na misafara, ni kweli. Ila hatukuwa wenye mali, tulikuwa ndani ya hiyo mali.

Chumvi Mama aliniambia mimi, siku zake za mwisho, wewe hujazaliwa. Akanikataza kuisema. Nami maishani nimeisema kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo si wewe. Juni ulipokuja tuliongea habari za masomo yako na za paa. Habari za Bi Faida hukuniuliza hata siku moja. Nilingoja uniulize.

Siwezi kutia sahihi kwenye neno ambalo halikutokea. Sikukasirikii. Nataka tu kujua umelipata wapi.

Shangazi yako,
Mwanajuma

*

Dodoma,
2 Julai 2024

Shangazi Mwanajuma,

Shikamoo. Najua miezi imepita. Niliandika barua tatu nikazichana. Sina habari za salamu, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe.

Nimesimamishwa. Tangu Februari, kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza. Chuo kina programu ya kompyuta inayolinganisha kila tasnifu na zile zilizotangulia. Yangu ilipopitishwa, sura nzima ya tatu ilitoka na rangi nyekundu. Msimamizi wangu, Dakta Advera, aliniita ofisini, akaniwekea karatasi mbili mezani, yangu na ya mtu mwingine.

Akaniuliza, "Nurdini, haya maneno ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni ya shangazi yangu. Ni habari za nyumbani kwetu."

Akasema, "Basi shangazi yako aandike hivyo."

Ndiyo maana nilikuomba sahihi.

Ukweli ni huu. Mwaka jana niliikuta maktabani tasnifu ya mwalimu mmoja wa sekondari, aliyeiandika mwaka 2011 kuhusu watu walioletwa Tabora na misafara. Nikaifungua nikamkuta Bi Faida. Kidonda cha mguu, Kwihara, kila kitu. Nilisimama pale katikati ya makabati nikasoma mpaka taa zikazimwa. Nikaona uchungu kwamba mgeni anajua ya kwetu kuliko mimi. Halafu nikajiambia, mtu haibi cha kwao. Nikaketi nikanakili, nikibadilisha neno hapa na neno pale. Sikuweka alama za kunukuu. Sikutaja jina lake popote. Na sasa ninapokuandikia naona kwamba hata lako sikulitaja.

Mwenye tasnifu ile anaitwa Leodgar Masele.

Kamati itakaa mwezi huu. Wanaweza kunifukuza. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyenisomesha kwa kofia, na sikuweza kuandika sentensi hiyo.

Nurdini

*

Tabora,
8 Julai 2024

Nurdini mwanangu,

Barua nimeipata leo na leo nakujibu, kijana wa basi anangoja pale kwa Majidi.

Ulichofanya ni kibaya, unajua, na sitakisema tena. Nenda mbele ya hiyo kamati uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Usimtie mtu mwingine hata mmoja ndani yake, wala mimi. Wakikufukuza, nyumba hii ina vyumba viwili na mtu mmoja.

Sasa niambie. Huyo Leodgar ameandika nini kingine? Yuko wapi siku hizi? Ni mzima?

Mwaka 2009 wewe ukiwa bweni, mwalimu Leodgar alikuja kuniuliza habari za zamani. Alitumwa na mtu wa msikitini aliyejua kwamba Mama alikuwa na masimulizi. Akija baada ya alasiri, anaketi kibarazani mbele ya watu wote, mimi nadarizi kofia, yeye anaandika. Alikuwa mtu wa Kigwa, Mkatoliki, mkewe alikwishafariki. Akiuliza swali ananyamaza mpaka nimalize, hata nikichukua muda mrefu kuanza. Mimi nilikuwa nimeachika miaka mingi, na hakukuwa na mtu aliyewahi kuninyamazia hivyo.

Habari zikaisha, akaendelea kuja. Ndipo siku moja nikamwambia ya chumvi. Nilimsharutisha asitaje jina langu wala la ukoo. Akasema, "Nakuahidi."

Baba yako akanijia. Alisema, "Mwanajuma, huyo mwalimu anaandika nini kila siku kisichokwisha?" Hakusema zaidi, na hakuhitaji kusema zaidi. Alasiri iliyofuata nikamwambia mwalimu, "Yametosha, sina hadithi tena." Akafunga kalamu yake. Akasema, "Basi nitabaki na nilizo nazo." Hakuja tena, wala sikumwandikia, na hayo nimeyaficha mpaka leo.

Kama unaweza, nitolee kopi ya kurasa zile zinazonihusu. Nataka kuona.

Mwanajuma

*

Dodoma,
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kamati imekaa. Niliwaambia kama ulivyosema. Mmoja wao aliniuliza ningetaka watumie neno gani badala ya wizi, nikasema sina jingine. Hawakunifukuza. Nimepewa onyo la maandishi, nimerudishwa nyuma mwaka mzima, na sura ya tatu naianza upya, kila habari na chanzo chake. Dakta Advera alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniambia, "Kutaja ulikotoa si kumwogopa mwenye mali. Ni kumwonyesha msomaji njia, naye aweze kwenda kuuliza mwenyewe." Nimekaa na maneno hayo chumbani.

Kopi hizi hapa, sura nzima. Usiishie kwenye maandishi makubwa. Tazama chini ya kila ukurasa, kwenye mistari midogo. Hizo zinaitwa tanbihi, ndipo mwandishi anapotaja kila neno alilipata kwa nani na lini. Mimi mwaka jana niliziruka. Yeye hakukupa jina, alitimiza ahadi, lakini ona:

"Mazungumzo na Bi M., Tabora, 6 Juni 2009, baada ya alasiri."

"Mazungumzo na Bi M., Tabora, 13 Juni 2009. Kauli hii ni yake neno kwa neno, nami sikuona namna ya kuiboresha."

"Mazungumzo na Bi M., Tabora, 20 Juni 2009. Nilikosea nilipoandika vingine hapo awali. Yeye ndiye aliyenisahihisha."

Zinaendelea hivyo mpaka mwisho wa Agosti. Hakuna ukurasa usiokuwa nawe. Na mwanzoni kabisa, kwenye shukrani, ameandika: "Wa kwanza ni yule asiyetaka kutajwa. Kilicho chema humu ni chake."

Mimi uliyenilea, na sikukuweka hata mara moja.

Shangazi, lililobaki ni zito, na nimelizungusha ukurasa mzima. Nilipiga simu shule aliyokuwa akifundisha. Mwalimu Leodgar alistaafu akarudi Kigwa. Alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua za kwanza. Wanasema ni moyo. Kuna dada yake pale, anaitwa Apolinaria.

Pole sana. Sijui kama ninaruhusiwa kukupa pole hii, lakini naitoa.

Mwanao,
Nurdini

*

Tabora,
22 Septemba 2024

Nurdini,

Marahaba, na pole nimeipokea. Hakuna mwingine wa kunipa.

Kopi nimezisoma kwa miwani ya Marcelina. Kila tarehe nilijaribu kuikumbuka. Nyingine nilizikumbuka, ile ya tarehe ishirini alikuja na kikopo cha asali ya kwao. Nyingine sikuzikumbuka hata kidogo, na ningeapa hakuja siku hiyo, lakini imeandikwa. Miaka yote hii nilikuwa nikijiambia labda nilizidisha, labda alikuja mara chache tu na upweke wangu ndio ulioziongeza. Sikuzidisha.

Kigwa nilikwenda. Si mbali, hilo ndilo linalouma. Nilitoka asubuhi na gari, nikauliza watu kituoni, wakanionyesha nyumba iliyo nyuma ya reli. Apolinaria ni mama wa makamo kama mimi. Aliniona sisikii vizuri akavuta kigoda akaketi karibu na sikio langu, akaniuliza natoka wapi na marehemu alikuwa nani kwangu.

Nikamwambia, "Nilimsimulia habari za zamani, za kitabu chake."

Akafikiri. Akasema, "Hakuwahi kututajia mtu wa Tabora."

Alikuwa hana nia mbaya. Alinipa ugali na maharage, akanipeleka kaburini, akaniacha nisome dua yangu kimya kimya kwa namna yetu. Wakati wa kuagana akaniuliza jina tena, maana alikuwa amelisahau.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza hilo. Mwalimu aliniahidi kunificha, akanificha sawasawa, hata kwa nduguye wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyetaka. Nilidhani nafunika aibu ya ukoo, na nimesimama juu ya kaburi lake kama mpita njia aliyeomba maji. Na Bi Faida naye tulimficha hivyo hivyo, tukasema tumbo linamuuma.

Kwa hiyo nasema hivi. Alichoandika mwalimu Leodgar kiache kama kilivyo, na ukikitumia, mtaje, na tanbihi zake uzitaje. Lakini sura yako usiijenge kwa yake peke yake. Njoo nyumbani mwezi wa Desemba uketi. Nitasimulia kila kitu tangu mwanzo, na utaniuliza, na utangoja nijibu. Chumba cha uani hakivuji tena, nimemlipa fundi.

Na jina langu liandike lote. Wa msikitini wakisoma, wasome. Nikiwa mdogo chuo cha Kurani kwa maalimu, hadithi ya Mtume haikusomwa mpaka kwanza itajwe imepokewa kwa nani, naye kwa nani, hata kama mnyororo ni mrefu kuliko hadithi yenyewe. Sisi watoto tulikuwa tukisinzia hapo. Sasa chukua kalamu uanze hivi:

Amesimulia Mwanajuma binti Uwesu wa Tabora, amepokea kwa mama yake Asmahani, naye amepokea kwa bibi yake, ambaye mjini walimwita Faida, na kwao Manyema aliitwa Kashindi. Kashindi aliyaona kwa macho yake. Mdogo wake aliyebaki Uvinza, jina lake alilitaja siku za uhai wake kwa Mama, na Mama alilisahau kabla hajanifikishia mimi. Na hilo nalo, mwanangu, liandike.

Shangazi yako,
Mwanajuma binti Uwesu